Flashi si Muhogo: Jinsi ya Kuchomoa Vifaa vya Kompyuta kwa Usalama

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

   Mwaka huu wahariri wa jarida letu walituomba tuandike juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua kwa sababu limempata, wala si kwa sababu amelisoma tu. Wengi wameandika juu ya mapenzi ya kitabu na madhara ya dawa za kulevya. Mimi nitaandika juu ya kuchomoa flashi.

Najua mtacheka. Mtasema, kuchomoa flashi kunahitaji makala? Si unashika tu na kuvuta? Hata mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa nikiing'oa kama mtu anayeng'oa muhogo shambani, mpaka siku moja nikamtia mama yangu aibu mbele ya akina mama kumi na saba. Hebu niwasimulie kwanza, halafu tufundishane.

MKASA WENYEWE

Mama yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani kwetu. Wao ni kumi na wanane, naye akiwemo. Kila Jumapili kila mmoja hutoa shilingi 200. Zamani mama alikuwa akiandika kila kitu katika daftari jeusi. Mwaka wa 2025 baba alituletea kompyuta kuukuu, nami kwa kiburi cha mtoto anayesomea Kompyuta shuleni nikamwambia, "Mama, achana na hilo daftari. Nitakuwekea kila kitu kwenye Excel, hesabu ijijumlishe yenyewe." Mama akaniamini. Kuanzia Jumapili ya tarehe 4 Mei, daftari likafungwa na faili ikaanza. Faili hiyo ilikaa ndani ya flashi peke yake, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikipelekwa saiba kupigwa chapa.

Jumamosi tarehe 16 Agosti, wakati wa likizo, nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta nikimalizia hesabu za wiki kumi na tano. Mama alikuwa mlangoni na leso begani, akiharakisha. "Mwanangu, saiba wanafunga saa kumi na mbili, hebu lete hicho kitu!" Nikabonyeza kuhifadhi. Faili ilikuwa bado iko wazi kwenye skrini. Taa ndogo ya flashi ilikuwa ikimetameta. Mimi huyo, nikaishika na kuing'oa, nikampa.

Baada ya nusu saa mama akarudi na uso umemkunjika. Kule saiba flashi ilikuwa imekataa kufunguka. Nikaichomeka nyumbani. Kompyuta ikaniandikia kwa Kiingereza kwamba ni lazima diski hiyo ifomatiwe kabla ya kutumiwa, na chini yake kulikuwa na kitufe cha kukubali. Nami, badala ya kufikiri, nikakubali. Flashi ikafunguka mara moja, safi, tupu kama chungu kilichooshwa. Ndugu yangu akasema tujaribu kama inafanya kazi, akanakili filamu nzima ndani yake. Ilifanya kazi vizuri sana! Lakini faili ya mama haikuwemo.

Jumapili mama alisimama mbele ya wenzake akasema ukweli. Hakunitaja. Alisema tu, "Kompyuta imeharibika na hesabu imepotea." Nilikuwa nimekaa jikoni nikisikia kimya kile. Si unajua kimya cha watu wazima wanapofikiria pesa? Mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa tutajuaje?"

Wakakubaliana kila mmoja alete ujumbe wake wa M-Pesa. Tulikaa siku mbili tukiandika upya. Wiki kumi na tano kwa watu kumi na wanane kwa shilingi 200 ni shilingi 54,000. Ujumbe wa simu ulithibitisha shilingi 47,600. Benki ilikuwa na shilingi 52,600. Kwa hivyo shilingi 5,000 zilikuwa zimelipwa taslimu, lakini waliodai kuwa walilipa taslimu walifikisha shilingi 6,400. Kulikuwa na pengo la shilingi 1,400, yaani malipo saba ya watu ambao walikuwa bado kulipa. Faili ilikuwa ikiwajua. Sisi hatukuwajua, na hakuna mama aliyekubali kuwa ni yeye. Pengine walisahau kweli.

Mama alitoa shilingi 1,400 mfukoni mwake. Zilikuwa pesa za sweta yangu ya shule. Nilivaa ile iliyotoboka kiwikoni muhula mzima wa tatu, na kila nilipoona kiwiko changu nilikumbuka ile taa iliyokuwa ikimetameta. Majuto ni mjukuu, huja kinyume.

KWA NINI FLASHI HUHARIBIKA?

Nilipofungua shule nilimwendea mwalimu wetu wa Kompyuta nikamwuliza, kwa maana kuuliza si ujinga. Alinieleza, nami nikaendelea kusoma. Haya ndiyo niliyoyaelewa.

Kwanza, kompyuta ikikuambia imemaliza, huenda bado haijamaliza. Mfikirie kiranja wa darasa anayekusanya madaftari ya insha. Hakimbii ofisi ya walimu kwa kila daftari moja. Hurundika kwanza kwenye dawati lake, kisha hupeleka yote kwa mkupuo. Ukimwuliza, "Nimekupa daftari langu?" atasema ndiyo, na ni kweli, lakini daftari bado halijafika kwa mwalimu. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Ina dawati lake, yaani kumbukumbu ya muda ambayo husahau kila kitu umeme ukikatika. Huweka humo maandishi yanayongoja kupelekwa kwenye flashi, kwa sababu flashi ni ya polepole na kompyuta haipendi kungoja. Ukichomoa wakati huo, ni kama kufunga mlango wa ofisi huku kiranja akiwa bado njiani na madaftari mikononi.

Pili, kila flashi ina orodha yake. Kitabu cha hadithi kina ukurasa wa yaliyomo, ambao hukuambia hadithi ya tatu iko ukurasa wa 41. Flashi pia ina jedwali linaloonyesha faili fulani iko katika vipande gani. Faili ikibadilika, jedwali nalo hubadilishwa. Flashi nyingi hutumia mpangilio uitwao FAT32 au exFAT, na mipangilio hii haina daftari la pembeni la kukumbuka ilikuwa katikati ya kufanya nini. Mpangilio wa NTFS unaotumiwa na diski ya ndani ya Windows unalo, ndiyo maana mara nyingi hujirekebisha stima zikipotea. Ukichomoa wakati jedwali limeandikwa nusu, hadithi zote ziko kitabuni lakini ukurasa wa yaliyomo umechanika. Kompyuta huangalia, haielewi, halafu inakuomba ufomati. Kwa hivyo unaweza kubadilisha faili moja na kupoteza zote, hata zile ambazo hukuzigusa.

Tatu, ndani ya flashi mna kichakataji kidogo kinachopanga mambo yake. Huweza kuwa kazini hata baada ya kompyuta kutulia. Hii ndiyo sababu nyingine ya kungoja kidogo.

Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Kama ni hatari hivyo, mbona USB ikatengenezwa ya kuchomoka?" Ni swali zuri. Kiwango cha USB kilitoka mwaka wa 1996, na kwa kweli kiliundwa ili kifaa kichomekwe na kuchomolewa kompyuta ikiwa inawaka. Hebu chungulia ndani ya kichwa cha flashi ya kawaida ya zamani. Utaona vibati vinne vya rangi ya dhahabu. Viwili vya pembeni ni virefu kuliko viwili vya katikati. Vile vya pembeni ni vya umeme, vya katikati ni vya habari. Ukichomeka, umeme hutangulia kufika. Ukichomoa, umeme huwa wa mwisho kuondoka. Kwa hivyo kifaa hakichomeki kwa umeme. Ulinzi huo ni wa umeme tu, wala haulindi maandishi yako. Maandishi unayalinda wewe.

Wengine husema Windows ya siku hizi haihitaji utaratibu wowote. Wana ukweli kidogo. Kuanzia toleo la Windows 10 la mwaka 2018 liitwalo 1809, Microsoft iliweka kompyuta zisirundike maandishi ya vifaa vya nje kama zamani, ili mtu aweze kuchomoa haraka. Lakini hata hapo, ukichomoa wakati maandishi yanapita njiani, utayakata katikati. Kompyuta yetu ya nyumbani ina Windows 10 hiyohiyo, na mkasa ulinipata.

HATUA ZA KUFUATA

Basi, ndugu msomaji, fanya hivi kwenye kompyuta ya Windows. Haichukui hata dakika moja.

1. Hifadhi kazi yako, kisha funga faili zote zilizotoka kwenye flashi. Funga na programu iliyozifungua, pamoja na dirisha linaloonyesha yaliyomo ndani ya flashi. Kuhifadhi peke yake hakutoshi.

2. Tazama taa ya flashi, kama inayo. Ikimetameta upesiupesi, kuna kazi inaendelea. Ngoja. Flashi nyingine hazina taa, na nyingine taa yake huwaka tu wakati wote, kwa hivyo usitegemee taa peke yake.

3. Nenda pembe ya chini ya skrini, upande wa kulia, karibu na saa. Bonyeza kishale kidogo kinachotazama juu. Utaona kijipicha cha kichwa cha USB. Kibonyeze, kisha chagua jina la flashi yako penye neno Eject. Usipokiona, fungua dirisha la This PC, bonyeza flashi yako kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague neno hilohilo.

4. Soma jina vizuri. Kama umechomeka flashi mbili, au flashi na diski, usije ukaachilia moja na kuchomoa nyingine.

5. Ngoja ujumbe wa kusema ni salama kuchomoa, au jina la flashi litoweke kwenye orodha.

6. Shika kichwa chake, uvute taratibu, moja kwa moja. Usiipinde. Kama kifaa kina waya, usivute waya.

Kwenye kompyuta ya Mac kuna alama ya pembetatu yenye mstari chini yake kando ya jina la flashi. Ibonyeze, ungoje jina litoweke. Alama hiyohiyo hupatikana kwenye kompyuta nyingi za Linux.

IKIKATAA JE?

Kuna wakati kompyuta itakuambia kifaa bado kinatumika. Watu wengi hapo hukasirika na kung'oa. Usifanye hivyo, kompyuta inakusaidia. Pengine kuna faili umesahau kufunga, au programu ya kutafuta virusi inaipekua flashi. Funga kila kitu, ngoja dakika moja, ujaribu tena. Ikikataa, toka kwenye akaunti yako halafu uingie upya. Ikikataa kabisa, zima kompyuta. Nasema kuzima, si kuilaza. Kompyuta iliyolala bado inakumbuka faili zilizo wazi na itazitafuta ikiamka. Ngoja taa zake zizimike, ndipo uchomoe.

Na stima zikipotea ghafla, hapo hatuna la kufanya. Ni sawa na kung'olewa. Ndiyo sababu ni vizuri kufanyia kazi kwenye diski ya ndani ya kompyuta, kisha unakili faili iliyokamilika kwenye flashi. Flashi ni mkoba wa kubebea, si meza ya kuandikia. Mimi nilikuwa nikiandikia ndani ya mkoba.

VIFAA VINGINE

Diski ngumu ya nje inahitaji heshima zaidi kuliko flashi. Ndani ya nyingi kati ya hizo mna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde moja, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ukiiachilia kwa utaratibu, kichwa huenda kupumzika mahali pake na sahani husimama. Baada ya kuichomoa ngoja sekunde chache kabla ya kuinua au kuitia begini. Usiitingishe ikiwa inazunguka. Ziko diski za kisasa zisizo na sahani. Hizo haziogopi kutingishwa sana, lakini bado zina jedwali, kwa hivyo zifuate hatua zilezile.

Simu ya Android ikiunganishwa kwa waya ili kunakili picha, kwa kawaida hubaki ikisimamia hifadhi yake yenyewe. Ngoja tu kunakili kuishe, halafu chomoa. Lakini kadi ya kumbukumbu iliyo ndani ya simu ni kama flashi. Ingia kwenye mipangilio ya simu, upande wa hifadhi, uiachilie kabla ya kuitoa, au uzime simu kwanza.

Mausi na kibodi za USB hazihifadhi faili zako, waweza kuzichomoa wakati wowote. Lakini katika shule nyingi bado kuna mausi na kibodi za zamani zenye kichwa cha mviringo, cha zambarau au kijani. Hizo hazikuundwa kuchomolewa kompyuta ikiwa inawaka. Zima kwanza. Printa nayo ngoja imalize karatasi iliyo mdomoni.

UKISHAHARIBU

Kama umekwisha kukosea, sikiliza kwa makini, kwa sababu hapa ndipo mimi nilipokosea mara ya pili, na kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Ukiambiwa ufomati, kataa. Ichomoe flashi uiweke kando. Usiandike kitu chochote juu yake, hata barua ya mistari miwili. Maandishi yako mara nyingi yangali mle ndani. Kilichochanika ni ukurasa wa yaliyomo. Hata kufomati kwa haraka hufuta orodha hiyo tu. Ila ukinakili vitu vipya, ndipo unapoandika juu ya hadithi zako za zamani. Ile filamu ya ndugu yangu ndiyo iliyozika hesabu za mama.

Kuna programu za bure za kufufua faili, kwa mfano PhotoRec na TestDisk. Faili zinazofufuliwa zihifadhi mahali pengine, kamwe si kwenye flashi ileile. Kama flashi inafunguka lakini ina kasoro, nakili kwanza kila unachoweza kunakili, halafu ndipo uitumie ile amri ya Windows ya kukagua diski iitwayo chkdsk. Kama hujui, mtafute mwalimu au fundi kabla ya kubonyeza chochote. Mwalimu alinisaidia kutafuta ndani ya flashi yangu. Tulipata vipande vya faili, lakini Excel ilikataa kuvifungua.

Na dawa kubwa kuliko zote ni akiba. Wajuzi wa kompyuta husema uwe na nakala tatu za kitu muhimu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumbani. Akiba haiozi, hata ya faili.

TAMATI

Sasa hesabu za chama ziko mahali patatu. Faili moja iko ndani ya kompyuta, nyingine ndani ya flashi, na ya tatu ndani ya lile daftari jeusi ambalo mama hukaa nalo chamani. Kila Jumapili jioni tunakaa mezani, mama anasoma majina, mimi nachapa, tunalinganisha jumla. Tukimaliza, mama hunitazama tu. Mimi nafunga faili, nabonyeza, nangoja ujumbe, ndipo namkabidhi. Siku moja alisema, "Kumbe ni kazi ya sekunde kumi." Nikamwitikia, "Ndiyo, mama." Sikuwa na la kuongeza.

Katika chumba chetu cha kompyuta hapa shuleni nawaona wenzangu kengele ya kwenda nyumbani ikilia. Matatu yangoja barabarani, kila mtu anang'oa yake na kukimbia. Mwakani tutakuwa Kidato cha Nne, na wale wa somo la Kompyuta watakuwa na mradi wa mtihani wa kitaifa ndani ya vijiti hivi vidogo. Nawasihi, ikiwa huna sekunde kumi za kuchomoa, jiulize utapata wapi miezi ya kuandika upya.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Flashi si muhogo, jamani. Tusiing'oe.